Koti la Umeme la Mama Mkwe

Urbanus alikuwa mlangoni anapiga mswaki alipomwona mkewe anatoa stoo vitu ambavyo havijawahi kuguswa tangu wahamie nyumba ile ya Kilosa mjini: tairi bovu, magunia ya mkaa, fremu ya dirisha lisilo na nyumba, na redio aliyokuwa akiahidi kuitengeneza tangu binti yao Imani hajaota jino.

"Mama Imani, kuna ukaguzi?"

"Kuna mgeni," Devota akajibu bila kugeuka. "Mama akishuka kliniki mwezi huu, harudi tena mlimani. Atakaa humu."

Mswaki ulisimama mdomoni. Povu likaendelea na safari yake hadi kidevuni.

Isieleweke vibaya. Urbanus alimheshimu mama mkwe wake, mama Odilia, kwa moyo wake wote, na heshima hiyo ilistawi vizuri zaidi kila umbali ulipoongezeka. Katika ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawali wakitazamana, na hawasemezani moja kwa moja maadamu jirani kuna kiumbe chochote chenye masikio kinachoweza kubeba ujumbe. Ukiwa kwako na bafu liko uani, huwezi kukatiza mbele yake na ndoo na taulo kama mtu asiye na wazazi. Lazima ukohoe kwanza, ili ajue unapita, aangalie pengine.

Krismasi iliyopita mama Odilia alikaa wiki moja. Urbanus alikohoa wiki nzima. Alikohoa kwenda bafuni, alikohoa kutoka bafuni, alikohoa kabla ya kufungua mlango wa chumba chake mwenyewe, hadi jirani akamletea tangawizi na asali. Bukta yake ilikaa kabatini. Chakula alikula kijiweni na bodaboda wenzake, akisingizia kazi nyingi. Sasa mtu huyo huyo aje kuishi moja kwa moja? Angepata kifua kikuu cha adabu.

Lakini Devota naye hakuwa na kosa. Mama yake ana presha, daktari anataka amwone kila mwezi, na anaishi juu kabisa ya Munisagara, kwenye mashamba ya maharage ambako mtu akiongea asubuhi maneno yanatoka na moshi. Watangazaji wa hali ya hewa, wakiwa wamevaa mikono mifupi huko Dar es Salaam, wanasema milimani kutakuwa na baridi kiasi. Kiasi cha nani? Baridi ile inaingia kwenye buti, inavua soksi, inakaa.

Na usafiri ni pikipiki ya Urbanus. Abiria wengine wakibanwa na baridi humkumbatia dereva kama gunia la sukari, wakajificha nyuma ya mgongo wake, wakafika salama. Mama Odilia atamkumbatiaje mkwe? Alikaa upande, katikati yao wakaweka kiroba cha maharage kama mpaka wa nchi, akashika kerieri kwa nyuma na kuuegemea upepo. Mwezi uliopita alifika kliniki magoti yamekataa kukunjuka. Manesi walimshusha akiwa bado amekaa, wakambeba hivyo hivyo, mkao ule ule, hadi kwenye benchi, wakamweka akatoshea.

"Mimi pikipiki tena basi," mama Odilia alisema siku hiyo. "Mpaka jua la Septemba."

"Presha haisubiri Septemba," Devota akasema, na jioni ile ile akanunua ufagio mpya.

Basi Urbanus akawa mtu wa kuwaza. Aliwaza kununua makoti mawili, akawaza hema, akawaza kumfungia mama mkwe kibanda cha turubai juu ya kerieri kama kuku wa kupelekwa mnadani. Jibu lilimjia Mikumi, kituo cha mafuta, alipompeleka mteja. Palikuwa na mzungu mmoja ametoka upande wa Iringa na pikipiki kubwa kama ng'ombe. Alipotaka kushuka, mzungu yule akashika waya uliotoka tumboni mwake, akajichomoa.

Urbanus alimsikitikia. Kijana mdogo vile, anaishi kwa mashine! Akamsogelea, akamuuliza kwa Kiingereza cha shule ya kata anaumwa nini. Mzungu akacheka, akafungua zipu, akauchukua mkono wa Urbanus na kuuingiza ndani ya koti. Mlikuwa na joto la kuku aliyeatamia.

"Umeme?" Urbanus akauliza.

Mzungu akaonyesha betri ya pikipiki.

Safari nzima ya kurudi, Urbanus hakuona pori la hifadhi wala twiga waliosimama kando ya barabara kuu wakitafuna. Aliona kitu kimoja tu: stoo yake, imerudishiwa tairi bovu, haina mgeni.

Waya alikuwa ameshaupata kabla hajaondoka Mikumi. Boniface, rafiki yake wa hapo, zamani alikuwa na kibanda cha intaneti. Simu zilipokuja na intaneti zao ndani, kibanda kikageuka cha chipsi, ila nyaya za kompyuta zilibaki zimening'inia ukutani zikila mafuta. Boniface alimkatia kipande kirefu bila hata kuuliza, akaendelea kugeuza mayai. Ukiuchuna waya ule, ndani unakuta nyuzi nane nyembamba za rangi rangi, kila moja na nguo yake ya plastiki.

Kesho yake akaupeleka kwa Mudi, fundi redio na simu pale kijiweni Kilosa, mtu ambaye hajawahi kutengeneza kitu bila kwanza kukitukana.

"Nataka kuushona kwenye koti," Urbanus akasema kwa sauti ya chini. "Umeme wa pikipiki upite, upashe joto. Koti la mama mkwe."

"Eti?" Mudi akapaza sauti ili kijiwe kizima kinufaike. "Unataka kumtia umeme mama mkwe? Kaka, watu wanarogana kimyakimya, wewe unatumia betri!"

Kijiwe kikacheka mpaka mteja mmoja akapanda pikipiki ya mtu ambaye hakuwa na nguvu ya kuiwasha.

"Mudi, acha utani."

"Siachi, ni haki yangu. Haya, lete. Sikiliza, mwanangu. Waya ukiwa mfupi, hilo si koti, ni pasi. Ukiwa mrefu sana, hausikii kitu. Tunaziunganisha hizi nyuzi moja baada ya nyingine, mwisho wa hii na mwanzo wa ile, ziwe waya mmoja mrefu. Halafu tunaweka fyuzi, ili likitokea la kutokea, iungue fyuzi, siyo mzazi. Na usiniambie uongeze joto. Betri ya bodaboda siyo bwawa la Kidatu."

Koti lilitoka kwenye mtumba: koti zito la kijivu, la mwanamke wa Ulaya mwenye mabega ya askari. Hapo likazuka tatizo la vipimo. Waya unatakiwa upite mgongoni ukipinda kwenda na kurudi, kama barabara ya kupanda mlima. Lazima ujue mgongo unaanzia wapi na kuishia wapi.

"Mama Imani," Urbanus akauliza jioni, akiangalia dari, "hivi mgongo wa mama una upana gani?"

Devota aliacha kuchambua mchele. "Unautakia nini?"

Ikabidi amweleze. Devota akacheka, kisha akamtazama kwa jicho ambalo wanaume waliooa wanalijua. "Yaani uko radhi kutengeneza mtambo mzima, ili mradi mama asikae hapa?"

"Ili mama asipate baridi."

"Baba Imani."

"Na asikae hapa," akakiri.

Devota akarudi kwenye mchele. Alimtaka mama yake karibu, na hakuona aibu kulisema. Lakini baadaye aliingia ndani, akatoka na sindano na uzi mweusi, akamnyang'anya koti mkononi. Alifumua bitana mwenyewe, akautandaza waya mwenyewe, akaushona mshono mdogo mdogo. "Likikubali, sawa, mama atachagua," akasema. "Likikataa, atakaa humu, na sitaki kusikia kikohozi chako hata kimoja."

Urbanus alilijaribu alfajiri, juu ya sweta lake, kwenye barabara ya Mikumi. Upepo ulimpiga kifuani, joto likamjibu mgongoni. Alirudi anatabasamu kama mtu aliyebatizwa upya. Swichi aliifunga kwenye usukani, karibu na mkono wake wa kushoto, kwa sababu, alivyosema kwa sauti ya mhandisi mkuu, mama hawezi kushikishwa mambo ya umeme.

Siku moja kabla ya kliniki akapanda mlima, akalala kwa kaka yake Devota, ng'ambo ya korongo. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelalia migomba, akaenda kusimama mbali na jiko la mama Odilia, akakohoa.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba baba." Akatoka, mwanamke mwembamba, mrefu, mwimbaji wa kwaya tangu enzi za mapadre wenye ndevu. Salamu inaruhusiwa. Baada ya salamu alimgeukia paka aliyekuwa anaota moto. "Paka, muulize baba, hili koti aliloleta lina mkia wa nini?"

"Mwambie mama," Urbanus akamwambia paka, "ni waya wa kuleta joto. Tutauchomeka kwenye pikipiki."

Paka akajilamba mguu, akionyesha kwamba ujumbe umefika.

Mama Odilia akaingia ndani kuvaa, na alipotoka Urbanus akaona kosa, akashindwa kulisema. Yeye alikuwa amelijaribu koti juu ya sweta, upepo ukipuliza kwa nje. Mama Odilia alikuwa amelivaa juu ya blauzi nyepesi, kisha juu ya koti akavaa sweta, juu ya sweta akajitanda blanketi, na juu ya blanketi akajifunga kitenge kwa fundo la mtu asiyeamini mambo ya nyaya. Sasa mkwe atamwambiaje mama mkwe apunguze nguo? Urbanus akachomeka plagi, akaweka kiroba cha mpaka, akawasha swichi.

Wakaanza kushuka. Kisha mama Odilia akaanza kuimba, polepole, wimbo wa Kwaresima. Urbanus akafurahi. Anaona raha, akawaza. Akaongeza mwendo, kwa sababu injini ikizunguka sana umeme nao unanenepa, na yeye alitaka mama mkwe afaidi. Wimbo ukapanda. Akaongeza tena. Wimbo ukapanda tena, ukaanza kwenda mbio, ukaacha Kwaresima ukaingia Pasaka. Walipofika kwenye kona ya mianzi mama Odilia alikuwa anaimba "Ee Bwana, nihurumie" kwa sauti iliyorusha ndege mitini.

Urbanus aliguswa. Hajawahi kusikia ibada ya namna ile barabarani. Akakohoa kidogo kwa heshima, akaingia na besi.

Pale kwenye kijito, alipopunguza mwendo ili avuke, alisikia pikipiki imekuwa nyepesi ghafla. Kugeuka, mama Odilia hayupo. Yuko chini, amesimama katikati ya maji, plagi imechomoka inaburuzika, anafungua kitenge, blanketi, sweta na koti, vyote kwa pamoja, huku mvuke ukimtoka kama sufuria ya ugali.

Ng'ambo ya kijito alikuwa anapita mwanamke na jembe begani, mama Joyce, anakwenda shambani. Mama Odilia alimwona kama aliyeshushwa na malaika.

"Mama Joyce! Mwambie huyo baba kwamba mimi siyo hindi la kuchoma!"

Mama Joyce akamtazama Urbanus, ambaye alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwa mama mkwe wake. "Baba, mama anasema yeye siyo hindi la kuchoma."

"Nimesi... Mwambie mama, pole sana. Lakini mbona hakusema?"

"Anauliza mbona hukusema."

"Niseme nini? Nimwambie mkwe wangu mgongo unaungua? Mgongo! Ameshasikia wapi mtu anamtajia mkwe mgongo? Nimeimba!"

"Anasema ameimba."

"Mwambie nilidhani amefurahi."

"Anasema alidhani umefurahi, na kwamba..."

"Nimesikia, alikuwa anaitikia!" Mama Odilia akajipepea na ncha ya kitenge. "Mwambie na yeye, mbona hakuuliza?"

Urbanus akavua kofia ngumu. "Mama Joyce, nitamuulizaje mama mkwe kama mgongoni ni joto?"

Hapo wote watatu wakayatazama maji, kwa sababu kweli, angeulizaje? Maji yakapita. Mama Joyce alianza kucheka kwa tumbo kwanza, jembe likitikisika begani. Mama Odilia alishikilia uso wake wa kwaya kwa muda, kisha ukamponyoka. Urbanus akageukia mti ili acheke bila kuonekana na mkwe, kama inavyotakiwa.

Lakini akiwa pale mtini, kicheko kikamkauka. Aliiona stoo. Aliona kitanda kimetandikwa, aliona ndoo yake ya kuogea, aliona miaka yake yote iliyobaki akiikohoa. Mambo yameisha. Hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayevaa tena kitu kile.

"Mama Joyce," sauti ya mama Odilia ikasema nyuma yake, sasa imetulia, "muulize baba. Kile kidude anachobonyeza kuwasha, kwa nini kiko kwake na joto liko kwangu?"

Mama Joyce hakupata nafasi ya kutafsiri.

"Mwambie mama ana haki," Urbanus akasema, na tayari alikuwa amepiga magoti anatoa plaizi chini ya siti. Alikata waya, akaitoa swichi usukanini, akaileta nyuma, akaifunga kwa tepu nyeusi kwenye waya ule ule wa koti, mahali ambapo mkono wa mtu aliyekaa upande unafika bila kujinyoosha. Hakumkabidhi mkononi. Aliiweka juu ya kiroba cha maharage, akarudi nyuma, na mama Odilia akaja kuichukua.

"Haya, mimi naenda," mama Joyce akasema. "Mkitaka kuongea tena huko mbele, tafuteni mbuzi."

Safari hii mama Odilia alivaa sweta chini, koti juu, na blanketi akalikalia. Na hapo ndipo Urbanus aligundua jambo ambalo Mudi hakumwambia. Ukungu ulikuwa mzito, taa ya mbele inawaka. Ghafla mwanga ukafifia. Akadhani taa inakufa. Baada ya muda ukarudi, ukawa mweupe kabisa. Ukafifia tena. Akaelewa: umeme ule ni mdogo, koti likinywa, taa inabaki na kiu. Kila mama Odilia alipowasha, barabara iligeuka ya rangi ya chai, na kila alipozima, ikang'aa.

Kwa hiyo sasa alijua. Bila kuuliza, bila kuambiwa, bila mtu wa katikati, alijua hali ya mgongo wa mama mkwe wake, na hakuna mzee wa ukoo ambaye angeweza kumlaumu kwa kutazama taa ya pikipiki yake mwenyewe. Akipita penye kivuli cha mlima, taa ilififia: mama anasikia baridi. Jua likichungulia, taa iling'aa: mama yuko vizuri. Penye upepo mkali aliiona inafifia hata kabla yeye mwenyewe hajakunja mabega, akapunguza mwendo. Taa ikang'aa kidogo, kama mtu anayesema asante.

Kliniki mama Odilia aliingia kwa miguu yake. Nesi mmoja, aliyekuwa ameshasogea na mwenzake kuja kumbeba akiwa amekaa, alibaki mikono imenyooka hewani.

Nyumbani Devota alikuwa ameandaa. Stoo imepakwa chokaa, kitanda kina shuka la maua, chandarua kimefungwa, hata picha ya Bikira Maria imening'inizwa. Urbanus alibaki uani akijifanya anakaza mnyororo uliokuwa umeshakazwa. Dirisha la stoo lilikuwa wazi juu ya kichwa chake.

Alisikia mama mkwe akikikalia kitanda, akikijaribu, akikisifia. Akajua hapo haondoki mtu.

"Kizuri, mwanangu," mama Odilia akasema. "Umehangaika. Lakini leo narudi."

"Mama! Pumzika basi."

"Nitapumzika kwangu. Maharage yangu yameanikwa uani, mvua ndogo ya kule kwetu haibishi hodi ikija. Kwaya wanangoja niwape sauti. Na baba yako yuko kule, nani atapalilia pale alipolala?"

"Na baridi?"

"Baridi sasa naibonyeza." Kisha akapaza sauti kidogo, jinsi watu wanavyopaza sauti wakijua kuna anayesikiliza chini ya dirisha na hawataki kumwita. "Na tena, hapa kwako nitakaa kama picha ukutani, na huyo baba atakohoa mpaka apasuke. Huo si ukwe, ni kuuana. Nitakuja kila kliniki. Na katikati, nikikumiss, nitakuja pia. Njia nimeiona."

Devota alisikika akinyoosha shuka ambalo lilikuwa limeshanyooka. Urbanus alimsikia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mswaki aliacha kufikiria bukta yake. Akasikia mkewe akipenga kamasi, kisha akisema kwa sauti iliyolowa kidogo, "Basi unywe chai kwanza. Na hiyo kila kliniki, utalala siku mbili, siyo moja."

"Mbili," mama Odilia akakubali.

Siku mbili kwa mwezi! Urbanus angeweza kukohoa siku mbili hata usingizini. Aliukaza mnyororo kwa furaha mpaka ikabidi aulegeze upya.

Walipanda mlima mchana, wakafika jua likiwa limeinamia upande wa pili na ukungu umeanza kushuka. Mama Odilia alishuka, akashusha kiroba chake, akachomoa plagi mwenyewe kama mtu aliyezaliwa na umeme. Paka alikuwa amekaa mlangoni. Mama Odilia akamtazama paka, akamtazama Urbanus, kisha akaamua paka apumzike.

"Baba," akasema, moja kwa moja, macho yakiwa kwenye migomba. "Koti linabaki huku."

"Ndiyo mama."

"Wewe una mafuta mwilini. Nenda salama."

Akaingia ndani na koti lake. Urbanus akageuza pikipiki. Hakuwa na sweta la pili, glavu zilikuwa na matundu, na ukungu ulimpanda mikononi ukamtekenya hadi kwapani. Meno yalianza kugongana kabla ya kona ya kwanza. Aliteremka akitetemeka, akicheka peke yake kama kichaa, na kwa kuwa hapakuwa na mtu nyuma wa kunywa umeme, taa ilimulika njia yote ya kushuka, nyeupe, hadi chini kabisa, kwenye reli ya Kilosa.